Siku Waluguru Waliponipigia Kura

Vijana wangu, shikamoo zenu nimeshazipokea na marahaba nimeitoa kabla hamjafungua mdomo, maana nina haraka. Nina jambo linaniwasha tangu wiki iliyopita na nisipolisema litaninyima raha.

Nilikuwa stendi ya Msamvu, nasubiri basi la kwenda Dodoma kumwona binti yangu. Pembeni yangu walikaa vijana wawili, marafiki wa siku nyingi kwa jinsi walivyokuwa wakichokozana. Mmoja, Idi, alikuwa amepata ajira ya utendaji wa kijiji na alikuwa njiani kwenda kuripoti. Mwenzake, Frenki, aligombea uenyekiti wa mtaa akaangushwa, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Wakaanza kubishana.

"Watendaji nao wangepigiwa kura," Frenki alisema. "Mnaletewa mtu hata njia ya kisimani haijui, anaanza kuamrisha wazee wa watu."

"Bora wenyeviti waajiriwe," Idi akajibu. "Wakae kwenye usaili kama sisi tulivyokaa. Wewe kampeni nzima ulikuwa unapiga singeli tu, na bado wamekupiga chini."

Nikaingilia. Mtu akishakuwa na mvi anaruhusiwa kuingilia. Nikawaambia mimi nimekuwa mtendaji wa kijiji, halafu wa kata, mpaka nilipostaafu juzi juzi, na katika maisha yangu yote ya kuteuliwa niliwahi kupigiwa kura mara moja. Wakanigeukia wote wawili, macho yamewatoka. Na hapo hapo basi langu likaanza kupiga honi. Nimeumia safari nzima kwa hadithi kunikwama kooni. Basi Idi, na wewe Frenki, na wote walio kama ninyi, hadithi yenyewe ni hii.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilipoajiriwa, halmashauri ilinipangia kijiji cha juu kabisa milima ya Uluguru, upande wa Matombo. Jina la kijiji naliacha, wenyewe wakisoma watajijua. Gari liliishia bondeni, kilichobaki kilikuwa mguu. Nilipanda na begi, mhuri wa ofisi, na viatu vyeusi nilivyovipiga rangi hadi vikang'aa. Viatu vile havikumaliza wiki. Idi, nunua buti za mpira kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Kwa msiojua, kijiji kina vichwa viwili. Kuna mwenyekiti, ambaye wanakijiji wanamchagua wenyewe, na hana mshahara. Kuna mtendaji, ambaye ameajiriwa na kuletwa, na mshahara anao. Mwenyekiti anaongoza mkutano, mtendaji anaandika muhtasari na kusimamia kazi. Kwenye karatasi inaonekana rahisi sana.

Mwenyekiti niliyemkuta alikuwa Mzee Kobelo, mtu mfupi, mcheshi, mkulima wa mdalasini. Siku ya kwanza alinipa kiti kizuri, yeye akakaa kwenye gunia la maharage. Nikadhani ni woga. Kumbe alikuwa ananitazama tu nitafanya nini.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaandika tangazo la mkutano mkuu wa kijiji, nikaligonga mhuri, nikalibandika kwenye ubao wa ofisi. Siku ikafika. Tulikuwa mimi, Mzee Kobelo, na mbuzi wa jirani aliyekuja kula tangazo. Nilikasirika mpaka sauti ikakauka.

"Umepanga siku ya gulio," Kobelo akaniambia taratibu. "Watu wameshuka na ndizi zao. Halafu karatasi, mwanangu, nani atapanda mlima kuja kusoma karatasi? Hapa mtu anaitwa."

Mkutano uliofuata alimtuma mpiga mbiu. Yule bwana alisimama juu ya jiwe lake alfajiri, akapuliza pembe, akataja ajenda kwa sauti iliyovuka mabonde mawili. Kufikia saa nne uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Siku hizi mnaita mkutano kwenye kikundi cha WhatsApp. Watu wote wanajibu kwa dole gumba na hawaji. Napenda simu, hii ninayoandikia ni simu, lakini sijawahi kuona dole gumba likitimiza akidi.

Basi tuje kwenye maji, maana kura yangu ilitoka kwenye maji.

Kijiji kilikuwa na zahanati isiyo na bomba. Mama akienda kujifungua, ndugu zake walipanda na ndoo kutoka mtoni, kilima ambacho mbuzi mwenyewe anakipanda kwa kufikiria. Nesi wetu alikuwa akiwaambia kabla hata hajawasalimia, "Maji yako wapi?" Halmashauri ikaleta mabomba mpaka bondeni na sharti moja: kijiji kichimbe mtaro kutoka kwenye chemchemi kabla ya masika, la sivyo mabomba yanakwenda kijiji kingine. Nilifurahi kama mtoto. Nikaupima ule mteremko na bwana maji, tukakuta njia ni moja tu. Upande mmoja ni mwamba. Upande wa pili ni shamba la magimbi la Mzee Pio.

Nilisema la Mzee Pio. Shikeni hapo, maana hapo ndipo nilipojikwaa.

Kwetu Tabora ukitaka kupita kwenye shamba unamwona baba mwenye nyumba. Nikaenda kwa Mzee Pio, mtu mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nikamweleza habari ya mtaro. Akanikaribisha kiporo cha ndizi na chai ya mdalasini, akanisikiliza, akasema, "Mimi sina neno, mtendaji. Nakubali kabisa." Nikashuka nikiimba.

Kesho yake nilipanda na vijana wachache na majembe. Katikati ya magimbi alisimama mke wake, Bibi Koleta, ameshika jembe la mpini mrefu, na hakuwa ameleta jembe lile kulima.

"Nani amekwambia upite hapa?"

"Mzee ameridhia, mama."

"Mzee yupi?"

Vijana wangu wakaanza kuangalia mawingu. Mzee Pio alikuwa amekaa kibarazani anamenya ndizi. Nikamgeukia.

"Uliniuliza kama nakubali," akasema. "Nakubali mpaka leo. Hukuniuliza shamba ni la nani."

Huko milimani, vijana, ardhi inafuata mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa Bibi Koleta, alilirithi kwa mama yake na litakwenda kwa mabinti zake. Mzee Pio alitoka bonde jingine akaja kuoa, akapewa mahali pa kulima na heshima ya mkwe, basi. Nilikuwa nimepewa ruhusa na mgeni mwenzangu.

Nikamkimbilia Kobelo. Nilitaka aite Serikali ya Kijiji, tupitishe azimio, tutumie sheria. Kobelo akavuta pumzi ndefu.

"Ukoo wa Koleta ni nusu ya kitongoji cha juu," akasema. "Na mwakani ni uchaguzi. Wewe ukiwaudhi utahamishwa. Mimi nitazikwa hapa."

Nilimwona mwoga. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya adabu lakini nilimwambia. Hakukasirika. Akasema kitu ambacho nimekirudia kwa kila mtendaji niliyemfundisha: "Mimi nawaogopa watu na wewe unaiogopa ofisi yako. Sasa tukae tuone hizo hofu mbili zitatusaidia nini." Tukakubaliana suala liende mkutano mkuu. Yeye angeongoza, mimi ningelitetea, na lawama zote zingekuwa zangu. "Kulaumiwa ni sehemu ya mshahara wako," akaniambia, na akacheka.

Siku ya mkutano sitaisahau. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema, uwanja umejaa, akina mama wamekaa na watoto migongoni, wazee kwenye magogo. Nikasimama. Nikasema habari za mabomba, za halmashauri, za sheria ya maji, za masika yanayokuja. Niliongea vizuri, najua niliongea vizuri. Bibi Koleta akanyoosha mkono.

"Mimi nina swali dogo. Huyu Mnyamwezi alichaguliwa na nani?"

"Mtendaji hachaguliwi, mama," nikajibu. "Mtendaji anateuliwa."

"Kwa hiyo hapa hakuna mtu aliyekutaka?"

Uwanja ukaangua kicheko. Na hapa lazima mjue kwamba Waluguru na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita huku na mizigo ya watu vichwani. Mtani akikutukana huna pa kushtaki. Ukinuna, aibu ni yako.

"Babu zako walikuwa wapagazi," akaendelea. "Wewe umekuja kutubebesha sisi. Haya, mwenyekiti, mimi kama mtani wake naomba tumpigie kura. Akishinda, apite kwenye magimbi yangu. Akishindwa, ashike njia na mtaro wake."

"Kisheria haiwezekani," nikasema.

"Kisheria," akarudia, na watu wakacheka tena.

Kobelo aliniinamia sikioni. "Simama. Ukikataa, umekwisha hapa."

Nilikuwa na vyeti, nilikuwa na barua ya ajira, lakini sikuwahi hata siku moja kuomba mtu anitake. Frenki, najua unaijua hofu ile. Inatisha, na bado ina utamu fulani. Nikasema nakubali. Nikauliza, mpinzani wangu ni nani?

Bibi Koleta akatazama huku na huku. "Pio," akasema. "Na yeye ni wa kuletwa."

Uwanja ulilipuka. Watoto wa shule wakatoka madarasani na mwalimu wao nyuma yao. Mzee Pio aliinuliwa na vijana, kofia ikaanguka, akavalishwa tena. Kila mgombea akapewa nafasi ya kujinadi. Mimi nikarudia mabomba na masika, safari hii bila sheria, nikaomba, nikasema tafadhali, neno ambalo ofisi haikuwa imenifundisha. Mzee Pio alisimama, akafikiri, akasema, "Mimi nimeishi kwenu tangu nilipooa. Nawajua wote. Sijawahi kuulizwa kitu." Akakaa. Alishangiliwa kama mpira umeingia golini.

Kura ilikuwa ya mstari. Anayemtaka Pio apange nyuma ya Pio kuelekea juu, anayenitaka mimi apange nyuma yangu kuelekea chini. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nyuma ya Pio mstari ulikuwa umepita darasa la mwisho ukaingia kwenye mahindi. Nyuma yangu alikuwepo mwalimu kutoka Mbeya, nesi kutoka Moshi, na bwana shamba kutoka Kigoma. Wote watu wa kuletwa. Na mwenyekiti wangu, Mzee Kobelo, niliyekuwa nakula naye maharage, alikuwa amesimama mstari wa Pio, anaangalia viatu vyake.

Nilishindwa vibaya sana. Niliona mabomba yakipakiwa kurudishwa, nikamwona nesi akiuliza maji yako wapi mpaka atakapostaafu.

"Haya, mtendaji mpya," Bibi Koleta akasema, amefurahi, amejifunga khanga kiunoni. "Tupe amri yako ya kwanza."

Mzee Pio alisubiri kicheko kiishe. Akavua kofia.

"Bomba lipite kwenye magimbi."

Watu wote wakamgeukia Bibi Koleta.

"Magimbi ya nani?" akauliza Bibi Koleta.

"Yako, mke wangu. Umesimama kwenye mstari wangu mwenyewe, nimekuona." Akakunja kofia mkononi. "Mjukuu wetu Agata ana mimba. Atajifungua pale zahanati. Atakayepanda na ndoo ni wewe, na magoti yako nayajua mimi, ndiye ninayeyakanda."

Hakuna aliyecheka. Bibi Koleta alimtazama mume wake kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu. Halafu akageuka, akanitazama mimi.

"Amri ya mtendaji niliyemchagua nitaifuata," akasema. "Lakini mtaro upite pembeni. Magimbi yatakayong'olewa yapandwe tena upande wa chini. Na wa kuanza kuchimba awe huyu aliyeshindwa."

Nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia, kwa kuwa alikuwa bado na sauti ile ya siku aliyosimama na jembe.

Jumatatu asubuhi nilianza kuchimba. Mlima mzima ulikuja kumwona Mnyamwezi akichimba, na aliyekuja kutazama alichoka kutazama, akashika jembe ili anionyeshe linavyoshikwa. Msaragambo ule, kazi ya pamoja ya kijiji, haukuhitaji kumtoza mtu faini. Kwenye muhtasari wa mkutano ile kura niliiandika chini ya Mengineyo, kwa sentensi moja, na afisa wa wilaya hakuwahi kuniuliza. Idi, usijaribu. Sheria haiitambui kura ile hata kidogo.

Maji yalifika zahanati kabla ya mvua kubwa. Nesi alifungua koki, akaifunga, akaifungua tena, akakaa chini kwenye ngazi akalia. Agata alijifungua mtoto wa kike pale pale, na Bibi Koleta alipanda mikono mitupu.

Niliwahi kumuuliza Kobelo kwa nini alisimama kwa Pio. "Ningesimama kwako, ingekuwa serikali dhidi ya Koleta," akasema. "Nilitaka iwe Koleta na mume wake." Mpaka leo sijui kama alijua Pio atasema nini. Yeye alisema hakujua. Bibi Koleta naye nilipomuuliza kama alipanga mchezo ule tangu nyumbani, aliniambia Wanyamwezi wana maswali mengi.

Mwaka uliofuata Kobelo aliangushwa kwenye uchaguzi. Si kwa mtaro, kwa jambo dogo la mipaka ya soko ambalo hata nikilieleza mtasinzia. Nilikasirika kuliko yeye. Asubuhi iliyofuata alikuja ofisini, akamkabidhi mwenyekiti mpya pembe ya mbiu, akamwonyesha jiwe la mpiga mbiu, kisha akachukua jembe akaenda kwenye msaragambo wa barabara na wale wale waliomnyima kura. "Jana mwenyekiti, leo jirani," aliniambia. "Sasa naweza kuwaambia ukweli." Frenki, mwanangu, mtaa wako bado unakujua. Watu wamekunyima kiti, hawajakunyima salamu. Kesho asubuhi toka nje ufagie mfereji.

Mimi sitaki watendaji wapigiwe kura, na sitaki wenyeviti wafanye usaili. Nimeziona kazi zote mbili kwa karibu. Ningekuwa nahitaji kura za ukoo wa Koleta, nisingethubutu kupima mtaro ule. Kobelo angekuwa na mshahara wa halmashauri kama mimi, asingejua wapi pa kusimama siku ile. Lakini hili nalisema kwa nguvu zote nilizobakiza: Idi, hiyo barua yako ya ajira inakufikisha mlangoni tu. Kuingia ndani utaomba mwenyewe.

Miaka ikapita. Nikapandishwa kuwa mtendaji wa kata, nikahamishiwa bondeni, huku Kingolwira. Sikutangaza siku ya kuondoka. Nilikuwa nimepanga kushuka na vijana wa kukodi, maana nilikuwa na kitanda, kabati, kuku, na vyombo vya miaka yote ile. Alfajiri nikasikia pembe. Nikadhani kuna msiba. Nilipofungua mlango, uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu, na kabla sijasalimia, vitu vyangu vilikuwa vimeshapanda vichwani. Kabati lilichukuliwa na vijana wanne wa kitongoji cha juu. Kobelo alishika tenga la kuku. Binti wa Agata, aliyezaliwa penye maji, alibeba sufuria.

Tukaanza kushuka. Mimi walinitanguliza mbele, mikono mitupu, wakasema leo Mnyamwezi habebi. Waliimba. Walinitukana matusi ya utani kila kona, kila mtu na lake, nikajibu mpaka nikaishiwa.

Bibi Koleta alikuwa ameketi mbele yetu, kwenye kona inayoonyesha barabara. Alikuwa hashuki mlima siku nyingi kwa sababu ya magoti. Siku ile alishuka mpaka pale, sijui alianza saa ngapi, ameshika birika langu la chai ambalo nilidhani limeibwa.

"Unakwenda zako," akasema.

"Nakwenda, mama."

"Na hatukukuchagua hata siku moja."

"Hamkunichagua, mama."

Akainuka, akanikabidhi birika. Akanishika bega, akanigeuza kama unavyomgeuza mtoto, nikatazama nilikotoka. Watu walikuwa mmoja nyuma ya mwingine kwenye kile kinjia chembamba, mizigo yangu vichwani, kona kwa kona, mpaka mstari ukapotea juu kwenye migomba. Wa mwisho niliyeweza kumwona nilimtambua kwa kofia ya sufu. Alikuwa amebeba godoro langu.

"Haya, mpagazi," Bibi Koleta akasema. "Hesabu kura zako."

Sikuhesabu. Nililia mpaka barabarani, na watani zangu wakanicheka mpaka barabarani.